Mfuko wa Taifa wa Utafiti katika Sheria ya Kenya: Mtazamo wa Ufuoni mwa Ziwa Victoria

Mwanafunzi wa Kiswahili anayejiandaa kwenda nyanjani, awe anachunguza lugha ya wachuuzi wa samaki wa Dunga au uhamishaji msimbo katika matatu za Kisumu, hukutana na sheria kabla ya kukutana na msailiwa wake wa kwanza. Hutakiwa awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, ambayo wengi wetu huijua kwa kifupi chake, NACOSTI. Wengi pia huishia hapo na kudhani kwamba kazi ya sheria hiyo ni kutoza ada na kugonga mihuri. Makala haya yananuia kueleza upande wa pili wa sheria iyo hiyo, yaani ule unaomtambua mtoaji wa fedha za utafiti.

Ni vyema tuanze na historia. Kwa miaka mingi utafiti wa samaki wa Ziwa Victoria ulifanywa na shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililokuwa na makao yake Jinja, Uganda. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikabaki na kipande chake cha ziwa na mzigo wake wa maswali. Mwaka uo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Sayansi na Teknolojia, iliyounda Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Marekebisho ya 1979 ndiyo yaliyozaa taasisi ambazo wakazi wa Kisumu wanazifahamu hadi leo: KEMRI ya utafiti wa tiba, yenye kituo chake Kisian, na KMFRI ya utafiti wa bahari na samaki, yenye makao makuu Mombasa na kituo mjini Kisumu. Hata hivyo, Baraza lenyewe lilikuwa hasa mshauri wa serikali. Taasisi zilizaliwa, lakini hapakuwa na chombo kilichopewa na sheria jukumu mahususi la kuzitafutia, yeye na vyuo vikuu, fedha za utafiti.

Pengo hilo lilishughulikiwa na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, iliyoifuta ile ya 1977. Sheria hii iligawa majukumu kwa vyombo vitatu. NACOSTI husimamia, hushauri na kutoa vibali. Wakala wa Taifa wa Ubunifu hushughulikia mawazo mapya yanayoelekea sokoni. Chombo cha tatu, ambacho ndicho kiini cha makala haya, ni kile cha kufadhili.

Tukiiteje kwa Kiswahili? Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Nchini Kenya tumezoea kuita fedha za aina hii ‘hazina’, kama ilivyo katika hazina ya maendeleo ya maeneobunge. Lakini Hazina ni jina la wizara ya fedha pia, na sheria inasema kwamba ni wizara hiyo inayotakiwa kutoa pesa. Tukiandika kwamba ‘Hazina itaipa Hazina’, msomaji atatucheka. Watanzania waliepuka mtego huo mapema. Sheria yao ya 1986 iliyounda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, mahali pa baraza lililoitwa kwa jina zuri la UTAFITI, ilileta pia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji Sayansi na Teknolojia, maarufu kama MTUSATE. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia ‘mfuko’.

Kutambuliwa kisheria kuna maana gani basi? Chombo kilichoundwa kwa waraka wa waziri kinaweza kuvunjwa kwa waraka mwingine. Kilichoundwa na Bunge hubaki hata mawaziri wakibadilika, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu. Suala la nani amwajibishe nani si dogo. Marekani, Rais Truman alikataa kutia sahihi mswada wa wakfu wa taifa wa sayansi mwaka wa 1947, kwa kuwa aliona uongozi wake ungekuwa mbali mno na mkono wa rais. Wakfu huo ulipata sheria yake mwaka wa 1950, baada ya mjadala wa miaka kadhaa.

Kenya ilikwenda mbali zaidi katika jambo moja: sheria ya 2013 ilitaja kiwango. Kifungu cha 32 kinaagiza kwamba kila mwaka wa fedha Mfuko upate kiasi kinacholingana na asilimia 2 ya pato la taifa. Umoja wa Afrika wenyewe huzihimiza nchi wanachama zifikie asilimia 1 tu. Ikumbukwe kwamba kitenzi cha sheria hapo ni cha lazima, si cha ombi. Pamoja na hayo, Mfuko haujawahi kupokea kiasi kinachokaribia hicho. Umetoa ruzuku kwa watafiti na kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu, na hilo ni jambo la kushukuriwa, ila fedha zenyewe ni tone zikilinganishwa na agizo.

Athari zake zinaonekana vizuri zaidi tukisimama ufuoni. Gugumaji lilipoziba Ghuba ya Winam katika miaka ya 1990, wavuvi wa ngege na mbuta walishindwa kutoa mashua zao. Watafiti wetu walizalisha na kuachilia wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaokula gugu hilo, na kufikia mwisho wa mwongo huo eneo kubwa la maji lilikuwa limefunguka. Kazi hiyo iliendeshwa chini ya mradi wa mazingira ya ziwa ulioanza 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia. Mradi ulikamilika 2005; kufikia 2007 gugu lilikuwa limerudi kwa kishindo. Sisemi kwamba lilirudi kwa sababu mradi uliisha, maana mvua kubwa za mwisho wa 2006 na mbolea inayoletwa na mito zilichangia. Ninachosema ni kwamba gugumaji halina mwaka wa kumaliza mradi.

Malaria nayo haina. Majaribio ya vyandarua vyenye dawa huko Asembo na Gem katika miaka ya 1990, pamoja na yale ya chanjo ya malaria yaliyofanywa Siaya na Kombewa, yaliinufaisha dunia nzima. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi mapana ya chanjo hiyo mwaka wa 2021. Watoto walikuwa wetu, wauguzi na wanasayansi wengi walikuwa wetu, lakini sehemu kubwa ya fedha ilitoka nje. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni Januari 2025, miradi ya malaria na ya virusi vya UKIMWI kandokando ya ziwa ilitikisika kwa muda wa siku chache tu. Anayelipa huchagua swali, na huchagua pia siku ya kuacha kuliuliza.

Huenda msomaji akauliza haya yote yanamhusu nini mtu wa fasihi. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinaiagiza serikali ikuze utamaduni kupitia fasihi na sanaa, na papo hapo itambue nafasi ya sayansi na teknolojia za kiasili. Waandishi wa Katiba hawakututenga na wenzetu wa maabara. Lakini Sheria ya 2013 ilitungwa kwa Kiingereza, na mvuvi wa Dunga ambaye ziwa lake linachunguzwa hana namna nyepesi ya kujua kwamba Bunge liliagiza asilimia 2. Kifungu cha 32 si kirefu. Semina moja ya tafsiri ya chama chetu ingetosha kukiweka katika Kiswahili, na nyingine kukiweka katika Dholuo.