Bagika na Bagalu: Ngoma za Wasukuma zinapataje mshindi bila jaji?

Uwanja ni mmoja, muda ni mmoja. Huku wanapiga Bagika, kule wanapiga Bagalu. Watu wako katikati, hawajaamua waende wapi. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Anayezungukwa na watu wengi ndiye mshindi, basi.

Kwa aliyekulia Nassa, Bariadi au popote Usukuma, hilo si geni. Kama wewe ni wa kwingine, iko hivi.

Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19. Simulizi zinawataja wanaume wawili, Ngika na Gumha, mahodari wa ngoma na dawa walioshindana nani zaidi. Wafuasi wao wakagawanyika, na mpaka leo hawajarudi pamoja. Anayejiunga huchanjwa chale za dawa, na kila upande una zake.

Usichanganye chama na aina ya ngoma. Kila upande una vikundi vingi: wapo wa bugobogobo, ile ya majembe iliyotokana na kulima kwa pamoja, na wapo wanaocheza na chatu.

Mashindano huja baada ya mavuno, kuanzia Juni, kazi za shamba zikipungua. Hapo ndipo ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa kikundi, anapokuwa na kibarua kizito. Wimbo wa mwaka jana hauvuti mtu. Inabidi atunge mpya, awapige vijembe wapinzani, na awe na kituko cha kumshtua mtazamaji aliyeanza kugeuza shingo upande wa pili. Wenyewe watakuambia kuna na samba, dawa ya kuvuta watu. Uamini usiamini, hakuna kikundi kinachotaka kwenda uwanjani bila hiyo.

Utaratibu huu una kasoro yake. Sauti tamu na ngoma iliyopangiliwa vizuri vinaweza kuangushwa na chatu mmoja tu. Halafu aibu yake haifichiki: watu wakihama katikati ya wimbo, mnabaki mnachezea vumbi huku wenzenu wakishangiliwa.

Lakini ndiyo maana ngoma hizi hazijachakaa. Jaji unaweza kumzoea, ukajua anapenda nini. Watu wanaochoka na kuondoka huwezi kuwazoea, kwa hiyo kila msimu lazima uje na jipya.

Ukitaka kuziona, subiri Bulabo, tamasha la kila Juni katika Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Ni Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Basi linalotoka Nassa kwenda mjini linapita hapo. Wahi, na ukifika angalia unaposimama, maana ukishasimama tu umehesabiwa.