Lubumbashi: Kansa ya titi isiyo na uvimbe wa kushika
Titi linavimba, linakuwa la moto, ngozi inafanana na ganda la chungwa, lakini mkono haugusi kivimbe. Wengi hudhani ni usaha wa kunyonyesha. Kumbe yaweza kuwa kansa ya titi ya aina ya uchochezi, ambayo haizidi 5 kati ya kansa 100 za matiti na hukimbia haraka.

Waganga huanza na kemoterapia, kisha hukata titi, halafu mionzi: siku 5 kwa juma, karibu majuma 5 au 6. Kwa miaka mingi, mionzi ya karibu na Lubumbashi ilikuwa Lusaka, ng'ambo ya Kasumbalesa, kwenye hospitali ya kansa iliyofunguliwa 2007. Nauli, chumba, chakula: vyote juu ya familia.

Dawa za usaha zisipoponya titi kwa juma moja au mawili, mama aombe lipimwe kansa.