Picha za kwetu ndani ya kompyuta ya mtoto

Katika nyumba nyingi za mji wetu kompyuta, ile tunayoiita ordinatere, ikifika inafunikwa kitambaa na kuwekwa mbali na watoto. Mtoto akisogea anasikia: "Acha, utaiharibu!" Tunaelewa. Ilinunuliwa kwa makuta ya taabu, pengine ya likelemba. Lakini mtoto aliyefukuzwa mbele ya mashine hiyo akiwa na miaka minne, ataiogopa bado akiwa na kumi na minne. Na tukichunguza vizuri, mara nyingi ni dada anayefukuzwa na kuitwa jikoni, wakati kaka anabaki kwenye kiti.

Wiki hii tunawaletea programu moja inayoondoa woga huo. Inaitwa Tux Paint. Ilianzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Bill Kendrick, kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 12. Ni ya bure, na sheria yake inaruhusu kuinakili na kuigawa. Mama mmoja wa kikundi akiivuta kwenye intaneti, wengine wote wanaweza kuipata kwa kle USB. Inaweza kuongea Kifaransa, lugha ambayo watoto wetu wanaikuta masomoni.

Mtoto anafanya nini humo?

Upande wa kushoto kuna vyombo: burashi, mihuri, mistari, maumbo, maandishi, kifutio, na kile cha maajabu kinachogeuza rangi na kufanya upinde wa mvua. Chini kuna rangi, na ndege penguini anayetoa shauri fupi. Mtoto akikosea, anabonyeza mshale wa kurudi nyuma na kosa linaondoka. Akitaka kuhifadhi, haulizwi jina la picha wala mahali pa kuiweka. Siku nyingine akifungua anaona picha zake zote zimepangwa ndogo ndogo, anachagua kwa jicho. Hata asiyejua kusoma anaweza. Mkono wake unazoea kuongoza suri.

Jinsi ya kuirekebisha

Pamoja na Tux Paint kuna programu ndogo ya marekebisho, Tux Paint Config. Mzazi anaifungua yeye mwenyewe, anachagua, anahifadhi. Haya ndiyo tunayoshauri kwa kuanza:

Kwanza, ijaze kioo chote, ili mtoto asifikie kazi zako nyingine.

Pili, ondoa kitufe cha kutoka. Mzazi atafunga kwa kubonyeza Alt na F4 pamoja.

Tatu, zuia kuchapa kama mashine ya kuchapa iko karibu. Wino ni ghali.

Nne, kwa wadogo kabisa, chagua herufi kubwa peke yake, na upunguze vyombo wasivyohitaji bado.

Tano, zima sauti kama mnakaa nyumba ya chumba kimoja na baba amelala mchana baada ya kazi ya usiku.

Umeme ukikatika ghafla, picha ambayo haijahifadhiwa inapotea. Basi mfundishe mtoto kuhifadhi kila anapomaliza sehemu moja. Kwa nyumba zetu, kompyuta yenye batri inafaa zaidi.

Weka vitu vya kwetu

Hapa ndipo tunataka mkae kidogo. Tux Paint ina mihuri, yaani picha tayari ambazo mtoto anabandika kwenye mchoro wake. Nyingi zilitengenezwa na watu wa mbali. Mtoto wa Katuba au wa Ruashi atabandika vitu ambavyo hajaviona hata siku moja, na polepole ataamini kwamba picha nzuri ni ya kitu cha kwingine. Lakini programu inakubali mihuri yetu.

Piga picha ya fungu la matembele juu ya kitambaa cheupe. Mwombe kijana anayejua, au mtu wa duka la picha, aondoe sehemu ya nyuma na kuhifadhi kwa aina ya PNG. Sehemu ya nyuma isipoondolewa, muhuri utatokea na mraba mweupe. Iite matembele.png, uiweke katika dosiye ya Tux Paint inayoitwa stamps. Kando yake weka maandishi matembele.txt yenye neno moja: Matembele. Ukitaka, rekodi sauti pia, uiite matembele_desc.ogg. Mtoto akichagua muhuri huo, neno linaonekana chini na sauti inalitamka. Sauti hiyo inaweza kuwa yako, au ya kambo yake akitaja kitu kwa Kibemba, Kiluba au Kisanga. Ni somo la lugha ambalo hakuna kitabu tulichonacho kinalitoa.

Fanyeni hivyo kwa mwiko wa bukari, kitenge, kichuguu, msalaba wa shaba, na lile bomba refu la moshi la Gécamines.

Mji wetu unajua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar. Hakutaka waige michoro ya Ulaya, alitaka watazame walichokizoea. Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi, Bela alipaka rangi kwa vidole. Kazi zao zilijulikana hata ng'ambo, na hazikufanana na za mtu mwingine. Chombo kilitoka nje, lakini jicho lilikuwa la hapa.

Kwa vikundi

Kompyuta moja inatosha kwa wamama kumi. Kila mmoja alete picha tatu za vitu vya nyumbani kwake, mtengeneze mihuri pamoja siku ya mkutano, mgawane kwa kle. Mkikaa na watoto, wekeni zamu ya dakika ishirini kwa kila mmoja, msichana sawa na mvulana, na saa iwe mezani. Wanaongoja zamu wachore kwenye karatasi au mchangani kwa kijiti. Programu hii haiji kuchukua nafasi ya mkono wenye udongo.

Mtoto akimaliza, usimwulize "Ni nini hii?" Mwambie: "Nielezee picha yako." Halafu msikilize mpaka mwisho.