Mvua, Mbegu na Fedha za Msimu: Somo la Redio kwa Wakulima Wadogo

Somo hili mmekwisha kulisikia redioni, na sasa limechapwa ili mlisome wenyewe, pole pole, pamoja na mwalimu wenu. Asiyeelewa neno asione haya kuuliza. Maneno magumu ya leo ni manne: wastani, ruzuku, riba na dhamana. Tutakutana nayo njiani, na kila moja tutalieleza.

Huu ni wakati wa kusafisha mashamba. Wengine wenu mmekwisha kufyeka, wengine mnatazama mbingu. Lakini mkulima hatazami mbingu peke yake. Hutazama pia mfuko wake, na mara nyingi huukuta mtupu, kwa maana mazao ya mwaka jana yamekwisha kuuzwa na fedha imekwenda katika ada, dawa na nguo. Basi leo tutazungumza habari tatu: mvua, mafunzo na fedha. Habari ya fedha tutaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo iumizayo watu.

Tuanze na mvua. Nchi ya Tanzania haina majira ya mvua ya namna moja. Watu wa pwani ya kaskazini, Tanga, Kilimanjaro, Arusha, nchi za kuzunguka Ziwa Victoria, pamoja na Unguja na Pemba, wana mvua mara mbili. Vuli hunyesha tangu Oktoba mpaka Desemba, na masika tangu Machi mpaka Mei. Watu wa Dodoma, Singida, Tabora, Rukwa, Mbeya, Iringa, Ruvuma, Lindi na Mtwara wana mvua mara moja tu, tangu Novemba mpaka Aprili. Mtu wa Tanga akikosa vuli, bado ana tumaini la masika. Mtu wa Dodoma akikosa, amekosa mpaka mwaka ujao. Kwa hiyo habari za mvua ni kubwa kwetu sote, lakini kwake ni kubwa zaidi.

Kabla ya kila majira, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri, nao husomwa redioni. Utasikia maneno haya: "mvua za wastani," "mvua chini ya wastani," au "mvua juu ya wastani." Wastani ni nini? Chukulia kwamba shamba lako lilitoa magunia 6 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili, na 8 mwaka wa tatu. Jumla ni magunia 24. Gawanya kwa miaka 3, wapata 8. Hayo 8 ndiyo wastani. Wataalamu wa hewa hufanya vivyo hivyo na mvua, ila wao hujumlisha mvua za miaka mingi, kwa kawaida miaka 30. Ukisikia "chini ya wastani," maana yake yaelekea mvua itakuwa haba kuliko ilivyozoeleka mahali pale. Hakusemwi kwamba haitanyesha kabisa.

Tena utabiri si ahadi. Ni makisio ya watu waliosoma, wanaopima joto la bahari na upepo. Bahari ya Pasifiki, iliyo mbali sana nasi, ikipata joto kupita kiasi, hali hiyo huitwa El Niño, na mara nyingi vuli yetu huwa kubwa. Wazee wanaikumbuka ile ya 1997 na 1998, barabara zilipokatika na madaraja yakachukuliwa na maji. Basi ukisikia mvua itakuwa nyingi, chimba mifereji na usipande bondeni kabisa. Ukisikia itakuwa haba, panda mbegu za kukomaa upesi, na shamba lako lisiwe la mahindi tupu: weka mtama, uwele au muhogo. Wako watu wanaona haya kula mtama, eti ni chakula cha maskini. Kwa maoni yangu maskini hasa ni yule mwenye mahindi yaliyokauka yakiwa na urefu wa goti.

Wala usiikimbilie mvua ya kwanza. Manyunyu ya siku moja yamewapotezea mbegu wakulima wengi. Chimba kwa jembe, utazame. Kama chini ni pakavu, ngoja. Utabiri wa siku 10 nao hutolewa, nao wafaa zaidi kwa kuchagua siku ya kupanda kuliko ule wa majira mazima.

Sasa mbegu na mbolea. Mbegu ya dukani ikiwa halali huwa na lebo ya TOSCI, ndiyo taasisi ya Serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Soma lebo kabla hujalipa: jina la mbegu, na tarehe. Mwuzaji akikuambia, "Lebo imebanduka njiani," mwache na mbegu zake. Usitupe pakiti wala risiti mpaka mbegu ziote, maana bila hizo huna la kumwonyesha mtu ukienda kushtaki.

Mbolea je? Tangu msimu wa 2022/23 Serikali ilianza tena kutia ruzuku katika mbolea. Ruzuku ni fedha ambayo Serikali hulipa kwa ajili yako, ili wewe ulipe sehemu tu ya bei. Lakini ruzuku haimfuati mtu asiyeandikwa. Hapana budi uende kwa mtendaji wa kijiji uandikwe katika daftari la wakulima: jina lako, ukubwa wa shamba na mazao unayolima. Kama uliandikwa zamani, uliza kama habari zako bado ni sahihi. Mfuko wa mbolea nao una maandishi. Ukiona UREA 46, maana yake katika kila kilo 100 kuna kilo 46 za naitrojeni, kile chakula cha majani. Hiyo ni ya kukuzia, si ya kupandia.

Hapa wanakisomo nawaomba jambo moja dogo, nalo ni kubwa. Andika jina lako kwa namna moja kila mahali. Mtu katika kitambulisho cha Taifa ni Asha Juma Hamisi, katika daftari la chama ni Asha Hamis, na benki ni Mwanaasha Juma. Yeye ajua ni mtu mmoja. Mashine haijui. Siku fedha zake zikija zitakataa kuingia, naye atapanda gari kwenda mjini mara tatu kueleza kwamba Asha ni Mwanaasha. Beba kitambulisho chako, na karani akiandika, tazama anavyoandika. Ndiyo faida ya kujua kusoma.

Tuje kwenye mafunzo. Wa kwanza ni Bwana Shamba, ambaye siku hizi aitwa afisa ugani, na mara nyingi ni Bibi Shamba. Mmoja huhudumia watu wengi, kwa hiyo usimngoje mlangoni kwako. Kusanyikeni watu 15 au 20, mwombeni awafanyie shamba darasa, yaani kipande cha shamba ambapo mnapanda kwa njia mbili au tatu na kulinganisha kwa macho yenu. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza 1975, navyo ni zaidi ya 50 katika nchi. Hufundisha kilimo, ufugaji na ufundi, hata kwa mtu asiyepita sekondari. Ziko tena stesheni za utafiti: Naliendele kule Mtwara kwa korosho, Ukiriguru karibu na Mwanza kwa pamba, Makutupora huko Dodoma kwa zabibu, Uyole huko Mbeya kwa mazao ya nyanda za juu. Na kila mwaka mwezi wa Agosti kuna maonyesho ya Nane Nane. Watu wengi huenda kutazama ng'ombe wanono na kula nyama choma. Nenda na daftari. Uliza bei ya mbegu na siku za kukomaa, ukaandike hapo hapo.

Basi sasa fedha. Someni sehemu hii mara mbili.

Riba ni malipo ya kutumia fedha ya mtu mwingine. Dhamana ni kitu au mtu anayesimama badala yako usipolipa. Chukulia wakopa shilingi 200,000 mwezi wa Novemba, ununue mbegu na mbolea. Utalipa mwezi wa Juni, baada ya kuvuna. Mkopeshaji wa kwanza asema, "Riba yangu ni 10 kwa mia." Wa pili naye asema, "Riba yangu ni 10 kwa mia." Je, ni sawa? Karatasi ya wa kwanza imeandikwa "kwa mwezi." Kumi kwa mia ya 200,000 ni 20,000. Tangu Novemba mpaka Juni ni miezi 7. Mara 7 ni 140,000. Utarudisha 340,000. Karatasi ya wa pili imeandikwa "kwa mwaka." Hata ukikaa nayo mwaka mzima, riba ni 20,000 tu. Tofauti ya watu hawa wawili ni neno moja, "mwezi" au "mwaka," na neno hilo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo kuliko mengine. Usitie kidole gumba wala sahihi kabla hujalitafuta neno hilo kwa macho yako mwenyewe. Uliza pia habari ya ada ya fomu na bima, kwa kuwa nazo ni gharama za mkopo hata kama hazikuitwa riba.

Lakini mkopo ulio ghali kuliko yote hauna karatasi. Ni ule wa mtu kuuza mazao yangali shambani. Kagera huuita butura: mwenye njaa auza kahawa ikiwa bado maua. Mtwara na Lindi kuna kangomba, korosho hununuliwa kwa kificho na kwa kipimo cha hila. Tufanye hesabu. Mwezi wa Januari una mtoto mgonjwa, na jirani akupa 30,000 kwa ahadi ya gunia la mahindi. Mwezi wa Julai gunia lauzwa 60,000. Umekopa 30,000 kwa miezi 6 ukalipa 60,000. Hakuna benki inayotoza hivyo. Simlaumu anayeuza, maana mtoto mgonjwa hangoji mavuno. Ndiyo sababu yafaa kuwa na chama kabla ya ugonjwa.

Vyama viko vya namna nyingi. VICOBA ni vya watu wachache wanaojuana, huweka hisa kila juma na kukopeshana, na wenzako ndio dhamana yako. SACCOS ni vikubwa zaidi. AMCOS ni chama cha ushirika cha kuuza mazao. Kuna tena mikopo ya halmashauri, isiyo na riba, inayotoka katika asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikaanza tena 2024. Muulize afisa maendeleo ya jamii masharti ya sasa. Kikundi kisiwe cha jina tu, kilichoundwa usiku wa kuamkia siku ya fomu, chakaguliwa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo nayo ilianza kazi 2015. Mbali na kukopesha, huwawekea wakulima wadogo dhamana katika mabenki mengine. Na tangu 2021 mabenki kadhaa yaliteremsha riba ya kilimo mpaka 10 kwa mia kwa mwaka au chini yake. Basi ukienda benki, taja kwamba wataka mkopo wa kilimo.

Jihadhari na jambo hili: mtu akikupigia simu akakuambia umepata mkopo, ila utume kwanza fedha kidogo ya kufungulia, huyo ni mwizi.

Baada ya mavuno kuna stakabadhi ghalani, kwa sheria ya 2005. Wapeleka mazao ghalani, yapimwa kwa kilo, wapewa stakabadhi, kisha huuzwa kwa mnada. Uzuri wake ni kwamba hakuna lumbesa. Ubaya wake ni kungoja malipo, na wakulima wamelalamika sana, nao wana haki. Soma uzito ulioandikwa kabla hujaondoka, na itunze stakabadhi kama utunzavyo hati ya nyumba. Kama waweka mahindi nyumbani, kausha sana, tumia mifuko isiyopitisha hewa, na mwangalie dumuzi. Watu wa Tabora walimpa jina la Skania, lile lori.

Kazi ya darasa kwa juma hili. Kila mmoja alete karatasi moja yenye maandishi: pakiti ya mbegu, risiti, fomu ya mkopo au stakabadhi. Badilishaneni, msomeane kwa sauti. Kisha fanyeni hesabu hii: mkulima akopa shilingi 150,000 mwezi wa Desemba, kwa riba ya 8 kwa mia kwa mwezi, naye atalipa mwezi wa Juni. Atarudisha kiasi gani? Jibu liandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.