Mtego wa Picha Udzungwa

Nikisema kazi yangu ni kutega kamera msituni, swali la kwanza huwa lile lile: chui umeshampata? Nimempata. Lakini aliyeitangaza milima ya Udzungwa, Tanzania, duniani kwa kamera hizi si chui, ni sengi, mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga na asiyefika hata kilo moja.

Mwaka 2005 kamera za mtafiti Mtaliano, Francesco Rovero, zilimnasa katika msitu wa Ndundulu sengi asiyefanana na wenzake: uso wa kijivu, na nyuma kuelekea mkiani mweusi tii. Picha zikapelekwa Marekani kwa Galen Rathbun, bingwa wa sengi. Kwa kuwa picha peke yake haitoshi kumtambulisha mnyama kitaalamu, mwaka 2006 msafara ulirudi Ndundulu ukawakamata wachache. Walikuwa na gramu 700 hivi, wakubwa kuliko sengi wote waliojulikana. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis.

Kamera yenyewe ni kiboksi kinachofungwa mtini kwa mkanda. Haimwoni mnyama, inahisi joto linalosogea. Mwili wenye joto tofauti na la mazingira ukipita mbele yake, inajifyatua. Ndiyo maana jani lililopigwa na jua likichezeshwa na upepo linaweza kukujazia kadi nzima, picha mia za jani! Kwa hiyo kwanza naondoa majani yaliyo mbele, kisha naifunga usawa wa goti, hatua chache kutoka kwenye njia ya wanyama. Isitazame jua linakochomoza wala linakozama. Mwisho, ili kuijaribu, napiga magoti, nakanyaga kwa viganja na kutambaa mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka kitaa chekundu kiwake. Kila kadi huanza na picha yangu nikijifanya funo, paa mdogo wa msituni.

Picha 40 za funo si funo 40. Huenda ni mmoja tu, anakwenda na kurudi. Chui unaweza kuwatofautisha kwa madoa, kwani hakuna wawili wenye madoa sawa. Funo, utajua yupi ni yupi? Hapo unauliza swali jingine: kati ya sehemu zote tulizotega, amepita ngapi? Katika msitu wa Mwanihana, huku huku Udzungwa, utaratibu ulioanza mwaka 2009 ni vituo 60 vya kamera, siku 30 kila kimoja, wakati wa kiangazi, pale pale kila mwaka. Kituo ambacho minde, jamaa ya funo, hakutokea, nacho kinaandikwa. Vituo vyake vikipungua mwaka hadi mwaka, kuna jambo, na minde hana kwao kwingine nje ya Tanzania.

Tembo, kwa upande wao, hawana habari na sayansi. Kiboksi wasichokipenda wanaking'oa na kukikanyaga.

Kamera hunasa watu pia. Mwenye gobole, picha yake iende kwa askari wa hifadhi. Sina huruma naye. Lakini mama mwenye mzigo wa kuni kichwani asigeuzwe kichekesho kwenye simu za watu. Kabla ya kutega tukutane na wanakijiji, waishike kamera, wajipige nayo, waulize. Na kadi zikitoka msituni, picha za watu zitengwe kwanza, kabla hata ya kumtafuta chui.