Mihuri ya Risasi na Wenye Maghala ya Kaizari

Fumbueni viganja vyenu, wanangu. Kitu ninachowasimulia leo kingetosha hapo katikati ya kiganja: kipande cha madini ya risasi, cha mviringo, rangi ya kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana. Mara nyingi upande mmoja amesimama kaizari, ameshika tufe lenye msalaba. Upande wa pili zimebanana herufi za Kigiriki, mstari chini ya mstari, zikitaja jina la mtu, cheo chake na ghala alilokabidhiwa.

Wenye mihuri hiyo walikuwa watumishi wa Dola ya Bizanti, iliyotawaliwa kutoka Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul, Uturuki. Waliitwa makomerkiario. Katika karne ya 7 dola ile ilibanwa kwelikweli. Majeshi ya Waarabu yaliichukua Shamu, kisha Misri iliyoilisha Constantinople ngano. Hazina ikakonda, na askari bado wanataka kula. Tangu katikati ya karne hiyo tunawaona makomerkiario wakisimamia maghala mkoa kwa mkoa: Bithynia, Kapadokia, Kilikia, hata kisiwa cha Sicily.

Sasa tazameni muhuri unavyopigwa. Kwanza risasi inayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, inatoka kidonge bapa chenye tundu jembamba linalokipenya toka ukingo hadi ukingo. Uzi uliofunga barua au mzigo unapitishwa humo. Kidonge kinawekwa katikati ya koleo la chuma lililochongwa maandishi kwenye meno yake yote mawili, kisha nyundo inashuka: pwaa! Risasi ni laini, inaukumbatia uzi na kuubana. Atakayetaka kufungua lazima akate uzi au auharibu muhuri, na wizi wake utaonekana mchana kweupe.

Hao wenzetu wa Bizanti walihesabu miaka kwa mizunguko ya miaka 15 ya kodi, kila mwaka ukianza tarehe 1 Septemba, na mihuri hii iliandikwa namba ya mwaka ndani ya mzunguko. Chukueni namba 8. Mwaka wa 8 uliangukia 679, ukarudi 694, ukarudi tena 709. Ni upi basi? Hapo ndipo msomi anapoitazama sura ya kaizari. Mwaka 679 alitawala Konstantino wa 4; mwaka 694 alikuwa mwanawe, Justiniano wa 2. Sura na namba zikikutana, kipande cha risasi kinatupa tarehe ambayo vitabu vingi vya zama zile havina. Mimi hilo hunifurahisha kila mara.

Mtauliza, ghalani kulikuwa na nini? Wataalamu wamebishana miaka mingi. Nicolas Oikonomides aliona hariri, bidhaa ya thamani ambayo dola iliilinda kwa wivu. Michael Hendy aliona silaha na mahitaji ya askari. Wote wawili walikuwa na hoja nzito.

Lakini ipo mihuri inayonisumbua moyo. Ni ya 694/695, ina jina la Georgios, na inataja mateka wa Kislavi. Justiniano wa 2 alikuwa amewahamishia Waslavi wengi Bithynia na kuwaingiza jeshini. Vitani karibu mwaka 692 kundi kubwa likahamia kwa Waarabu, naye akawaadhibu waliobaki. Wako wanaosema mihuri hiyo ni ya watu waliouzwa utumwani, na wako wanaoisoma kuwa ni ya watu waliogawiwa mikoani kwa kazi nyingine. Vyovyote iwavyo, wanadamu waliandikwa kama mzigo wa ghala, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa jina.

Mwaka 695 Justiniano alipinduliwa, akakatwa pua, akafukuzwa. Mihuri iliendelea kupigwa. Kuanzia karibu mwaka 730, zama za kaizari Leo wa 3, maandishi yakabadilika: badala ya jina la mtu ikaandikwa tu kuwa ni ya ofisi ya kaizari ya mkoa fulani. Namba ya mwaka ikabaki.