Darden yanenepa, Red Lobster yalemewa na kodi ya pango

Mfanyabiashara aliyewahi kupanga fremu anajua kwamba mauzo yakishuka, kodi ya pango haishuki. Jambo hilo ndilo lililoufikisha mahakamani mtandao wa migahawa wa Red Lobster wa Marekani, ilhali kampuni iliyozaliwa nao, Darden Restaurants ya Orlando, inazidi kukua.

Red Lobster ilianzishwa na Bill Darden mjini Lakeland, Florida, mwaka 1968. Kampuni ya vyakula ya General Mills iliinunua mwaka 1970, ikaanzisha Olive Garden mwaka 1982, na mwaka 1995 ikaitenga migahawa yote kuwa kampuni inayojitegemea, yenye hisa katika Soko la Hisa la New York.

Tangu hapo Darden imenenepa hasa kwa kununua majina yenye wateja tayari. Jina moja la kubuniwa nyumbani, China Coast, lilifungwa mwaka huo huo wa 1995. Mwaka 2007 ilinunua kampuni yenye LongHorn Steakhouse kwa takriban dola bilioni 1.4, zikafuata Yard House, Cheddar's, Ruth's Chris na, mwaka 2024, Chuy's kwa dola milioni 605. Faida ya majina mengi haionekani mezani bali stoo, kwani manunuzi hufanywa kwa pamoja.

Mwaka 2014, mauzo ya Red Lobster yakishuka, Darden iliiuza kwa Golden Gate Capital kwa dola bilioni 2.1. Hapo hapo mnunuzi akauza viwanja na majengo kwa kampuni nyingine kwa dola bilioni 1.5. Hesabu ni nyepesi: biashara yenyewe, migahawa zaidi ya 700, ilimgharimu kama dola milioni 600 tu, na Red Lobster ikawa mpangaji katika nyumba zilizokuwa zake. Wenye hisa wa Darden, wakiongozwa na Starboard Value, walichukia. Oktoba mwaka huo waliwang'oa wakurugenzi wote 12. Mwaka uliofuata Darden ilipotenga viwanja vyake vingine, safari hii hisa za kampuni hiyo mpya waligawiwa wao wenyewe.

Mei 2024 Red Lobster iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Wengi waliicheka ofa yake ya kambamiti wa kula mpaka basi kwa dola 20, iliyoleta hasara ya dola milioni 11. Kambamiti walionewa. Kodi ya pango ya mwaka 2023 pekee ilizidi dola milioni 190.

Kwa Darden, mwaka wa fedha ulioishia Mei 2025 mauzo yalipanda kwa asilimia 6 hadi dola bilioni 12.1. Mwekezaji mdogo asiishie kwenye tarakimu hiyo. Katika migahawa ya zamani, bila kuhesabu ile iliyonunuliwa au kufunguliwa karibuni, ongezeko lilikuwa asilimia 2.